Shamari ya Bustanini na Mikono Iliyomwagilia Tabora



Shamari, ambayo wengi wetu tunaiita bizari tamu, tunaijua zaidi ikiwa kavu kwenye kipakti cha dukani. Tunaitafuna baada ya biriani ya harusi ili kinywa kinukie, tunaitia kwenye chai, tunaisaga pamoja na viungo vya mchuzi. Kuipanda wenyewe ndiko wengi hatujakujaribu. Leo tutaeleza namna ya kuipanda na kuivuna, ila tutapitia njia ndefu kidogo, ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Tabora, kisha Ujiji. Wapo mabiharusi wa visiwani wanaoolewa Tabora, na wapo wenye shangazi na binamu huko tangu enzi za mababu. Bustani za kule zina historia inayotuhusu.

Mbegu hufuata watu

Neno shamari limetokana na Kiarabu. Mmea wenyewe asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, nao ni ndugu wa dania, bizari nyembamba na karoti. Jina lake tu linatuonyesha jinsi jikoni kwetu kulivyojengwa na bahari: watu walikuja na majahazi, wakaja na mapishi yao, na majina ya vitu yakabaki midomoni mwetu.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Oman na Unguja walikuwa wamekwishajenga makao Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ambapo leo ni sehemu ya Tabora. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne njiani! Burton aliandika kwamba Waarabu wa pale waliishi kwa raha, katika nyumba kubwa zenye bustani pana zilizopandwa vizuri.

David Livingstone naye alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Katika kumbukumbu zake ametaja makomamanga, mapera, ndimu na machungwa. Miembe ilistawi, mizabibu ndiyo kwanza ilianza kupandwa, na mipapai ilikuwa kila mahali. Ametaja pia vitunguu, figili, maboga na matikiti. Ngano ilipandwa wakati wa kiangazi na kumwagiliwa.

Aliacha na somo moja la mbegu linalotufaa hadi leo. Alisema mbegu za bustani zisifungiwe ndani ya bati wala kwenye sanduku lisilopitisha hewa, kwa sababu zinatoka jasho na kupoteza nguvu ya kuota. Zifungwe kwenye karatasi ya kawaida, zining'inizwe, zisipigwe na jua kali. Dada, ukiweka mbegu za shamari kwenye kopo la plastiki juu ya friji kisha zisiote, usiseme mkono wako hauna baraka. Tafuta karatasi, au shona kifuko kidogo kwa kipande cha kanga kilichobaki, kisha kitundike mahali penye kivuli na hewa.

Nani alichota maji?

Tukisoma habari hizi, tunaona majina ya wanaume wenye nyumba na wanaume waliopita. Lakini bustani inayomwagiliwa kiangazi haijimwagilii yenyewe. Kuna aliyekwenda kisimani na mtungi, akarudi, akaenda tena.

Kabla ya komamanga na zabibu, wanawake wa Kinyamwezi walikuwa na mashamba yao. Maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba jina Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa. Chakula cha namna hiyo ndicho anachohitaji msafiri, kwa kuwa hakiozi njiani. Basi hata jina la mji limebeba kazi ya jikoni.

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru walioajiriwa, wakibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa kila mtu. Walilipwa kwa nguo: merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, na kaniki. Nguo ilihesabiwa kwa shuka na kwa doti, na doti moja ilikuwa shuka mbili. Sisi tunaoshika mkasi na futi kila siku tunasimama hapa kidogo. Doti tunayonunulia kanga leo ndiyo doti iliyokuwa mshahara na nauli ya njia ile. Wanaume wakisafiri, wanawake ndio waliobaki na mashamba, na wengine walisafiri nao wakibeba vyungu na kupika kambini.

Lakini si kila mtu alikuwa huru. Kilimo na kazi za nyumbani kwenye makao ya matajiri vilifanywa na watumwa, wengi wao wanawake. Kulikuwa na wajakazi wa kisimani na wa kinuni, na kulikuwa na masuria. Burton mwenyewe, baada ya kusifu bustani zile, anataja pia masuria na watumwa waliowazunguka matajiri hao. Majina ya wanawake hao hakuyaandika.

Jina la mwanamke linaloonekana ni la Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Aliolewa na Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambaye ameieleza ndoa hiyo katika masimulizi ya maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Ndoa ile ilimpa mume heshima na nguvu katika nchi ya wakwe zake. Karunde tunamjua kwa sababu alikuwa binti wa mtemi. Mjakazi aliyemwagilia vitunguu hatumjui.

Dini yetu inasemaje?

Wapo wanaopenda kuyapita haya haraka, wakisema ni aibu kuyataja mbele za watu. Sisi tunaona kinyume chake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama Allah atakuwa mdai wa watu watatu, na miongoni mwao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akamtumikisha kazi yote kisha asimlipe. Na katika Suratul Balad, kumwacha huru mtumwa kumetajwa kuwa ni katika kupanda ile njia nzito. Mwislamu anayesema ukweli juu ya utumwa haivunjii dini yake heshima. Anaitii.

Sheria zilichelewa. Unguja hali ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Tanganyika, pamoja na Tabora, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Wanawake walizeeka wakisubiri.

Sasa tupande

Shamari inataka jua na udongo usiotuamisha maji. Kwa walioko Tabora, mvua huanza Novemba na kumalizika Aprili hivi, basi kupanda mvua zikielekea mwisho kunafaa, ili mashada yakauke kiangazi bila kuoza. Visiwani pia epuka masika makubwa.

Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Panda mbegu palepale itakapokulia, kina cha sentimita 1 hivi, kwa sababu ina mzizi mrefu usiopenda kuhamishwa. Huota baada ya wiki moja au mbili. Punguza miche ibaki nafasi ya sentimita 30. Mwagilia bila kufurika.

Majani mateke yanaliwa kwenye kachumbari na samaki. Maua ni ya manjano, yamekaa kama mwavuli. Punje zikianza kutoka kijani kuelekea hudhurungi, kata mashada asubuhi, yafunge kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi au kitambaa, yatundike kivulini. Yakikauka, pukuchua na upepete kwa ungo. Ukichelewa, punje zinapukutika zenyewe.

Kwa chai, ponda kijiko kimoja cha chai cha punje, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika kumi. Wazazi wetu humpa aliyejifungua kwa ajili ya maziwa. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kwanza kwa mkunga au daktari, na mafuta ya shamari asiyanywe.

Biharusi mpenzi, utakapokuwa na nyumba yako na bustani yako, huenda atakuwepo dada wa kazi atakayemwagilia asubuhi ungali umelala. Mjue jina lake na kwao. Mlipe siku ya ahadi, kabla hajadai. Mgeni akisifu shamari yako, sema, "Hii fulani ndiye aliyeitunza." Mtume (S.A.W.) amesema kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Mwislamu ni sadaka kwake. Tunamwomba Allah awaandikie pia wale wanawake wa Tabora, kwa kila embe na kila komamanga, kwani Yeye anayajua majina yao.