Manzi wa Mfangano ama Konman? Njia 5 za Kumnasa Mpenzi Feki Kabla Akule Fare

Mmechati wiki 2 sasa. Anasema yeye ni mtoto wa Sena, kisiwani Mfangano, picha zake ni moto, na kila asubuhi anakuuliza kama umeamka poa. Leo anasema amekwama Mbita, umtumie 1,500 aje kukuona. Tulia kwanza. Kabla uweke PIN, pitia hizi.

1. Muulize njia ya kwao
Mfangano iko katikati ya ziwa. Daraja la Mbita linakufikisha Rusinga tu. Kwenda Sena lazima upande boti. Mse akikuambia yeye hupanda matatu Mbita na kushukia Sena, huyo si wa huko. Muulize pia kuhusu michoro ya kale ya mawe pale Kwitone na Mawanga. Kumbuka majibu anaweza kuyatafuta Google, kwa hivyo usiishie hapa.

2. Soma jina la M-Pesa
Kabla pesa iende, simu hukuonyesha jina la mwenye laini. Yeye ni Achieng, lakini linatokea jina la mwanaume? "Ni ya brathe" ni stori ya zamani. Usitume.

3. Tafuta picha yake
Ihifadhi, uipitishe kwa Google Lens. Ikitokea na jina lingine, imeibwa. Na usimrukie dem wa kwenye picha kwa matusi, huenda hata hajui sura yake inatumika kula watu.

4. Taka simu ya video
Kamera haiwezi kuharibika mwezi mzima. Akishika, mwambie ageuze uso kando na apitishe mkono mbele ya uso. Januari 2025 iliripotiwa kuwa mwanamke mmoja Ufaransa alipoteza euro 830,000 kwa matapeli waliojifanya Brad Pitt, wakitumia picha za akili mnemba.

5. Chunga "zawadi imekwama airport"
Hii huwapata sana wanaochati na "mwanajeshi wa Marekani". Ushuru wa forodha haulipwi kwa namba ya mtu binafsi. Akikuharakisha na kukuambia usiambie mtu, hapo ndipo umwambie mtu.

Na mkikubaliana kuonana, iwe mchana, mahali penye watu. Usipande boti jioni kumfuata mtu hujawahi kumuona.

Ukishaliwa je?
Tuma ile meseji ya M-Pesa kwa 456 chap chap uombe pesa irudishwe. Akishaitoa, kuirudisha ni ngumu. Namba yake iripoti kwa 333. Usifute chati kwa hasira, hizo ndizo ushahidi wako. Zipeleke kituo cha polisi upewe namba ya OB, ama upigie DCI bure kwa 0800 722 203. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inasema anayetumia utambulisho wa mwingine kwa ulaghai anaweza kupigwa faini hadi Sh200,000, jela hadi miaka 3, ama zote mbili.

Wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa, na huyo konman anahamia kwa mwingine na picha zile zile. Aibu ni yake, si yako. Ripoti.