Karata zilizochangwa na saa

Mchezo wangu wa kwanza wa karata kwenye kompyuta ulichanga kwa kutazama saa. Nikajiona fundi! Kumbe wenzangu walishaumbuka zamani.

Kompyuta haijui bahati. Huipa "mbegu", yaani namba ya kuanzia, nayo mbegu moja huzaa mpangilio ule ule daima. Sasa, karata 52 zina mipangilio mingi ajabu: idadi yake ni namba ya tarakimu 68. Kuupa kila mpangilio namba yake kunahitaji biti 226.

Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software, watengenezaji wa poka ya mtandaoni, ilianika hadharani msimbo wake wa kuchanga karata ili wachezaji waamini hakuna wizi. Nia njema kabisa. Wataalamu wa Reliable Software Technologies, Marekani, wakausoma. Mbegu ilikuwa ya biti 32: mipangilio isiyozidi bilioni 4.3. Tena ilitoka kwenye saa, milisekunde tangu usiku wa manane, na siku nzima ina 86,400,000 tu. Wakalinganisha saa yao na ya seva, wakabakiwa na kama 200,000.

Hapo karata mbili za mkononi na tatu za mezani zilitosha kuitambua mbegu. Wakajua za wapinzani wote, na hata zile ambazo hazijafunuliwa bado.

Mchezo wangu haukuwa wa pesa, nashukuru. Hata hivyo nimeubadilisha: mbegu natoa kwenye mfumo endeshi, biti 256.