Herufi ya Pili: Sembène, Senghor na Kupigwa Marufuku kwa Ceddo

Wahakiki wanapoijadili Ceddo, filamu ya Ousmane Sembène iliyotoka mwaka 1977, aghalabu huipita haraka sababu iliyotolewa na serikali ya Senegal kuipiga marufuku. Sababu hiyo ilikuwa ya tahajia: Sembène aliliandika jina la filamu kwa d mbili, ilhali kanuni rasmi za kuandika Kiwolofu zilitaka moja. Husemwa kuwa hicho kilikuwa kisingizio tu, na kwamba kilichoogopwa ni dini. Rai hiyo ina uzito. Katika filamu imamu anakitwaa kiti cha mfalme na kuwalazimisha raia kusilimu, hadi bintimfalme anapompiga risasi hadharani. Rais Léopold Sédar Senghor, Mkatoliki aliyeongoza nchi ya Waislamu wengi kwa kutegemea mashehe wa tarika, hakuutaka ugomvi huo.

Hata hivyo, kisingizio nacho huteuliwa. Senghor alikuwa mshairi na mwanasarufi, na aliamini kwa dhati kwamba dola ndiyo yenye haki ya kusanifisha maandishi ya lugha. Sembène, kuli wa zamani wa bandari ya Marseille, alikwisha kujijengea jina kwa riwaya za Kifaransa kabla ya kuigeukia kamera ili awafikie wasiojua kusoma. Mandabi, iliyompatia tuzo maalumu ya majaji huko Venice mwaka 1968, ilizungumza Kiwolofu. Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha Kaddu, gazeti la lugha hiyo hiyo. Basi waliogombana hapa ni waandishi wawili, wala si msanii na karani wa udhibiti.

Tena filamu yenyewe inalizungumzia suala hili. Katika onyesho moja walioshindwa wananyolewa vichwa, kisha kila mmoja anapachikwa jina jipya. Miongoni mwao yumo Sembène mwenyewe, akiigiza. Sidhani kwamba mtu aliyetunga onyesho hilo angeweza kuibadilisha filamu yake jina kwa amri ya rais, hata kama amri ilihusu herufi moja tu. Wanaouona ukaidi wake kuwa kiburi cha msanii hawajalisoma onyesho hilo vya kutosha.

Senghor aling'atuka mwishoni mwa mwaka 1980. Ceddo ilionyeshwa Senegal baada ya hapo, d zake zikiwa bado mbili.