Anayeshika Mlango

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mashabiki wa roki mbadala wa Marekani huenda hawaijui methali hii, lakini kwa miaka mingi wamewahukumu wanamuziki wao kwa maana yake. Kila bendi iliyotoka katika ukumbi mdogo ikaonekana kwenye televisheni imeambiwa kwamba imejiuza. Mimi ni shabiki wa muziki huo tangu nilipokuwa mwalimu wa makamo, na hukumu hiyo naiona nyepesi mno. Mwanamuziki naye hula, hulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Swali lililo zito ni hili: kati yake na msikilizaji wake, ni nani anayeshika mlango, naye anatoza nini?

Kwanza tukumbuke neno "mbadala" lilitoka wapi. Katika miaka ya 1980 vijana wengi wa Marekani walichoshwa na nyimbo za makampuni makubwa. Wakaunda bendi zao, wakafungua kampuni ndogo za kurekodi, wakapiga katika kumbi ndogo na kusikika katika redio za vyuo vikuu. Hali ikageuka ghafla. Septemba 1991 bendi ya Nirvana ilitoa albamu ya Nevermind kupitia kampuni kubwa, na Januari 1992 albamu hiyo iliing'oa Dangerous ya Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani. Tangu hapo kilichokuwa mbadala wa soko kikawa ndicho soko lenyewe.

Miongoni mwa waliojikuta katikati ya mkondo huo ni Pearl Jam, bendi ya Seattle iliyoundwa mwaka 1990. Albamu yao ya pili, Vs., iliyotoka Oktoba 1993, iliuza zaidi ya nakala 900,000 katika wiki yake ya kwanza. Wengine wangeshangilia na kuongeza bei. Wao waliacha kutengeneza video kwa miaka kadhaa, kisha wakageukia mlango wa ukumbi. Walitaka shabiki alipe kiingilio cha dola 18 na ada ya huduma isiyozidi dola 1.80, ili jumla isifike dola 20. Kampuni ya Ticketmaster, iliyokuwa na mikataba ya kuuza peke yake tiketi za kumbi nyingi kubwa, haikukubali kubanwa hivyo. Ilijitetea kwamba mitambo, simu na vituo vyake vina gharama. Mei 1994 bendi ilipeleka malalamiko Wizara ya Sheria, ikidai kwamba huo ni ukiritimba. Tarehe 30 Juni, mpiga gitaa Stone Gossard na mpiga besi Jeff Ament walitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi.

Ziara yao ya kiangazi hicho ikavunjika. Mwaka uliofuata walijaribu kuzunguka bila Ticketmaster, na hapo ugumu ukajionyesha. Kumbi zilizozoeleka zilikuwa zimefungwa kwa mikataba, hivyo ikabidi zitafutwe sehemu nyingine, na uzio, ulinzi na vyoo vipangwe upya. Tarehe 24 Juni 1995, katika bustani ya Golden Gate mjini San Francisco, mwimbaji Eddie Vedder, aliyekuwa mgonjwa, aliondoka jukwaani baada ya nyimbo saba, na Neil Young ndiye aliyeliokoa onyesho. Mwezi uliofuata Wizara ya Sheria ilifunga uchunguzi wake bila kuichukulia kampuni hatua. Mwaka 1998 bendi ilirudi kuuza tiketi kupitia kampuni ileile.

Je, walishindwa? Kabla ya kujibu, tuwatazame Fugazi wa Washington, D.C., walioanza kupiga jukwaani mwaka 1987. Hawa hawakuwa na meneja, hawakuuza fulana, na walirekodi na Dischord, kampuni ndogo ambayo mwimbaji wao Ian MacKaye aliianzisha na mwenzake mwaka 1980. Kiingilio chao kwa kawaida kilikuwa dola tano, na walidai watu wa umri wote waruhusiwe kuingia. Waliacha maonyesho mwaka 2002, wakiwa wamepiga mara elfu moja hivi, wala hakuna aliyethubutu kusema kwamba tembo lao limetiwa maji.

Ni rahisi kuwasifu Fugazi na kuwacheka Pearl Jam. La hasha, mambo hayaendi hivyo. Kupanga ni kuchagua, na Fugazi walichagua udogo: mahitaji machache, ukumbi wa kadiri, na bei waliyoweza kuilinda wenyewe. Lakini mbele ya maelfu kwa makumi, uadilifu wa mtu mmoja hautoshi. Mwalimu mkuu anaweza kumsamehe ada mtoto mmoja maskini na jambo likaishia ofisini kwake. Kufuta ada ya nchi nzima ni kazi ya sheria. Pearl Jam walikuwa wamefika mahali ambapo wema wao ulihitaji sheria, na sheria haikuwafuata. Kwa maoni yangu wanastahili heshima, kwani walikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Sisi tulio mbali hatukupata kusimama mbele ya majukwaa hayo. Mlango wetu ni rekodi, na hapa bendi zote mbili zilitutendea haki. Mwaka 2000 Pearl Jam walianza kutoa rekodi kamili za maonyesho ya ziara yao, 72 kwa jumla, ili shabiki asilazimike kununua kanda mbovu za maharamia kwa bei ya kuruka. Mwaka 2011 Fugazi nao walianza kuweka kwenye intaneti mamia ya maonyesho yao, na bei waliyoipendekeza kwa kila moja ni ileile ya mlangoni: dola tano. Ndani yake nyuzi hukatika, waimbaji hukosea maneno, na watu hupiga kelele. Huo ndio muziki kabla haujafungwa katika karatasi ya duka.

Mlango wenyewe haujafunguka. Mwaka 2010 Ticketmaster iliungana na Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa maonyesho, na Mei 2024 Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ya pamoja kwa ukiritimba, miaka 30 kamili baada ya malalamiko ya vijana wale wa Seattle. Basi, ndugu msomaji, utakapomsikia kijana akimlaumu mwanamuziki kwamba amejiuza, mwulize kiingilio kilikuwa kiasi gani, na katika fedha hiyo, aliyeimba alipata ngapi.