Mshumaa wa Bozzini na Safari ya Mwanga Mwilini

Wanaosimulia historia ya endoskopia, yaani kutazama ndani ya mwili kwa mrija, hupenda kuanza na lenzi. Mimi naona kikwazo kikubwa kilikuwa mwanga. Mwili ni giza tupu, na lenzi, hata iwe nzuri namna gani, haioni gizani.

Philipp Bozzini, daktari kijana wa Frankfurt, alilijua hilo. Mwaka 1806 alikuwa na kifaa chenye umbo la chombo cha maua, ndani yake mshumaa wa nta, na kando ya mshumaa kioo kilichoelekeza mwanga kwenye mrija bila kumpiga mtazamaji machoni. Chuo cha tiba cha kijeshi cha Josephinum, Vienna, kilikipokea kwa hamu, lakini kitivo cha tiba cha mji huohuo kikakipinga. Bozzini alifariki kwa homa ya taifasi mwaka 1809, akiwa na umri wa miaka 35.

Mwaka 1853, jijini Paris, Antonin Jean Desormeaux aliweka taa ya spiriti na tapentaini mahali pa mshumaa. Ilitoa mwanga mkali zaidi, lakini ilipata joto kiasi cha kuweza kumuunguza mgonjwa mapajani na daktari usoni. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, akiwa Freiburg, alimtumia mtu aliyezoea kumeza panga mbele ya watazamaji. Mrija mnyoofu ulipita kooni ukafika tumboni. Njia ikawa imepatikana, ila mwanga wa taa ya Desormeaux ulififia kabla ya kuufikia ukuta wa tumbo, na Kussmaul hakuona cha maana.

Julius Bruck, daktari wa meno wa Breslau, alikuwa ameshajaribu waya wa platinamu uliowashwa kwa umeme na kupozwa kwa maji. Maximilian Nitze akalichukua wazo hilo akalipeleka mbali: taa isibaki nje, iingie yenyewe. Mwaka 1877 alionyesha kifaa chake cha kutazama kibofu cha mkojo, na mwaka 1879 akakiboresha Vienna pamoja na fundi Josef Leiter. Kwangu huyu ndiye shujaa wa karne hiyo, ingawa kifaa chake kilikuwa na mabomba ya maji yaliyokitatiza. Balbu ya Edison ilipopunguzwa ukubwa katika miaka ya 1880, maji na platinamu vikaachwa.

Balbu hizo ndogo zilitumika kwa miongo mingi. Zilipata moto na nyingine zilizimika mrija ukiwa bado ndani ya mgonjwa. Mwaka 1952 Wafaransa Fourestier, Gladu na Vulmière walirudisha taa nje, wakiupitisha mwanga kwenye fimbo ya kwatzi. Miaka miwili baadaye Harold Hopkins na Narinder Kapany walieleza jinsi fungu la nyuzi za kioo linavyoweza kubeba picha. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, alitumia nyuzi za namna hiyo kutengeneza na wenzake gastroskopu inayopindika, yaani kifaa cha kutazama tumbo, na mwaka 1957 akaimeza mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Hata hivyo, ile iliyoingia sokoni mwaka 1960 bado ilikuwa na balbu nchani. Wakati huohuo Karl Storz wa Tuttlingen alileta taa ya nje yenye kebo ya nyuzi, ikaitwa mwanga baridi. Ubaridi huo haukuwa kamili: ncha ya kebo ikiachwa juu ya shuka la upasuaji huweza kuliunguza.

Taa za halojeni na zenoni zilifuata, na sasa LED. Balbu ya zenoni kwa kawaida hubadilishwa baada ya saa 500 hivi, na bei yake si ndogo. LED hudumu maelfu mengi ya saa. Wanaonunua mashine hizi kwa hospitali za wilaya na kaunti zetu waulize habari za taa kabla ya kuuliza habari za kamera.