Tiba ya kifafa isiyo ya vidonge yawapa watafiti kibarua

Kidonge halisi chaweza kulinganishwa na cha bandia bila mgonjwa kutambua. Mazoezi ya kutuliza mwili na akili, yanayotumiwa pia kukabili kifafa, hayafichiki kwa urahisi hivyo.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2018 ulihusisha wagonjwa 66 ambao dawa pekee hazikutosha kuwazuilia mishtuko. Kundi moja lilifundishwa kukaza na kulegeza misuli, jingine mazoezi ya kumakinika tu. Mishtuko ilipungua kwa asilimia 29 katika kundi la kwanza; la pili, lililokusudiwa kuwa la kulinganishia, asilimia 25. Tofauti hiyo ni ndogo mno kitakwimu.

Je, sababu ni mazoezi, uangalizi wa watafiti, au kifafa chenyewe, ambacho hupanda na kushuka? Kundi la tatu, lisilofundishwa lolote, halikuwepo.