Kutishia nyau katika poka

Kutishia nyau katika poka ni kuweka dau kubwa ukiwa na karata dhaifu, ili mpinzani mwenye karata bora aogope na kujitoa. Poka ni mchezo wa karata uliokua nchini Marekani katika karne ya 19. Katika mashindano kila mchezaji hulipa kiingilio na kupewa chipu za kuchezea, na kwa kawaida anayeishiwa chipu huondoka. Ndiyo maana swali la kuiamini au kutoiamini hisia yako lina uzito: kosa moja linaweza kukutoa.

Kutishia nyau kusichanganywe na utapeli. Katika karata tatu za stendi na minadani, mchezeshaji hubadilisha karata kwa wepesi wa mikono, na baadhi ya "watazamaji" ni wenzake. Katika poka kila aliyeketi mezani anajua kwamba kutisha kunaruhusiwa.

Hesabu yake

Mezani pakiwa na chipu 10,000, anayetisha kwa 5,000 bila karata yoyote ya maana hupata faida iwapo mpinzani hujitoa zaidi ya mara moja katika kila tatu. Akitisha kwa 10,000, mpinzani lazima ajitoe zaidi ya nusu ya mara zote. Mwanahisabati John von Neumann, katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944, alionyesha kwamba kutisha ni sehemu ya uchezaji bora wenyewe. Anayeweka dau kubwa akiwa na karata nzuri tu hujulikana upesi, na hakuna atakayemfuata.

Hisia

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein waliandika mwaka 2009 kwamba hisia ya mzoefu huaminika pale penye mpangilio unaojirudia na penye majibu ya kumsahihisha. Poka hutimiza sharti la pili nusunusu. Mpinzani akijitoa, kwa kawaida karata zake hazionyeshwi. Mwanafunzi hurudishiwa daftari lenye alama za kalamu nyekundu; mcheza poka anaweza kukosea miaka mingi asijue.

Mfano maarufu ni fainali ya World Series of Poker mjini Las Vegas mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu, aliweka chipu zake zote bila hata jozi, baada ya kukosa karata ya shupaza aliyoingojea. Sammy Farha, mchezaji mzoefu, alikuwa na jozi ya tisa. Alitamka mezani kwamba huenda mwenzake amekosa karata yake. Hisia ilikuwa sahihi, lakini alijitoa. Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Tanzania

Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki.